Studio ndogo ya Area D: walituandaa kwanza, ndipo wakatupiga picha

Ninaisifu studio hii kwa jambo ambalo sijalikuta kwa wapiga picha wengine hapa Dodoma: kazi yao kubwa waliifanya kabla kamera haijatoka kwenye begi. Kama wewe ni afisa utawala, au ndiye yule mtu wa ofisini ambaye kila jambo lisilo na mwenyewe huishia mezani kwake, nakuomba usome kwa utulivu. Picha za wafanyakazi huonekana kazi nyepesi mpaka siku watu wanapokataa kuzitazama picha zao wenyewe.

Sisi ni kampuni ndogo ya maji. Tunapima maji ardhini, tunasimamia uchimbaji wa visima na kufunga pampu vijijini: Bahi, Chamwino, Kongwa, na mara nyingine tunavuka hadi Manyoni na Ikungi kule Singida. Tuko zaidi ya watu 20, wahandisi, wataalamu wa miamba, mafundi, madereva, mhasibu na wahudumu. Safari hii tulihitaji picha za aina mbili kwa mpigo: za vitambulisho vipya, na za wasifu wa kampuni tunaouambatisha kwenye zabuni. Wateja wetu wengi sasa wako Mtumba, Mji wa Serikali, na anayefungua nyaraka zetu kule anatuona kwa picha kwanza.

Mara iliyopita tulitumia studio nyingine. Tulipanga foleni ukutani, taa ikamulika, tukaondoka. Picha ziliporudi, nyuso zilikuwa zimesafishwa mpaka zimekuwa nyeupe. Mhandisi wetu mmoja, binti wa Kigogo mwenye weusi wake mzuri wa asili, alirudishiwa sura ya mtu asiyemfahamu. Hakulalamika. Alikuwa anakigeuza tu kitambulisho, upande wa picha unalala kifuani, upande wa maandishi unatazama watu. Nilikiona kitambulisho kile kimegeuzwa kila asubuhi, na kikaniuma.

Ndiyo maana dada mwenye studio ya Area D aliponiambia anataka kuja ofisini kwanza, bila kamera, nilimsikiliza.

Alikuja akazunguka jengo letu akiuliza jua linapita wapi. Ilikuwa kipupwe, mwezi wa saba, na akanieleza jambo ambalo nimekaa Dodoma miaka mingi bila kulitilia maanani. Sisi tuko kusini mwa Ikweta, kwa hiyo miezi hii jua linaelemea upande wa kaskazini. Baraza yetu ya kusini, ile ambayo hatuitumii ila kuegesha pikipiki, inabaki kivulini mchana kutwa, na mwanga unaofika pale ni mwororo, umeshadunda kwenye ardhi na kwenye ukuta wa jirani. Hapo akapachagua kwa picha za nje. Saa sita mchana juani, alisema, paji la uso linang'aa na macho yanaingia kwenye mashimo meusi, na hakuna programu ya kuhariri inayoyatoa humo. Za ndani akachagua chumba cha mikutano, akapima kwa hatua kutoka ukutani hadi mlangoni, akatuomba tuhamishe meza. Akauliza kuhusu umeme pia. Taa zake zina betri, lakini alitaka kujua pa kuzichajia.

Baada ya ziara ile akatutumia barua ya ukurasa mmoja, ya Kiswahili, ya kusambaza kwa kila mfanyakazi. Karatasi ile ndiyo iliyoniridhisha kuliko kitu chochote kwenye huduma yao, kwa sababu ilionyesha imeandikwa na mtu anayeijua Dodoma.

Chukua suala la ngozi. Kipindi cha upepo sisi sote hapa tunapauka. Midomo inapasuka, mikono inakuwa na vumbi hata ukinawa. Kwa hiyo mtu akisikia kuna picha, anajipaka mafuta mazito asubuhi ile mpaka uso unateleza, na taa inapopiga, paji la uso na pua vinakuwa mabaka meupe. Barua ilishauri watu wajipake mafuta vizuri usiku wa kuamkia siku ya picha, midomo isisahaulike, asubuhi wapake kidogo tu, kisha waje. Tishu na poda za rangi mbalimbali za ngozi zingekuwepo. Ikawakataza kabisa poda nyeupe ya watoto, ambayo wengi wetu huikimbilia kukata jasho. Ile poda kwa macho huioni, lakini flashi ikiipiga inarudisha mwanga wote, uso unatoka kama umepakwa chokaa.

Wanaume wanaopata vipele baada ya kunyoa waliambiwa waende kwa kinyozi siku moja kabla, wasinyoe asubuhi ile ile. Wanaosuka walishauriwa wasuke siku tatu nne kabla, maana nywele mbichi zinavuta paji la uso na maumivu yanaonekana machoni. Wenye miwani inayogeuka nyeusi juani waliombwa wafike mapema wakae ndani, kwa kuwa vioo vile huchukua dakika kadhaa kurudi vyeupe. Mhasibu wetu anayo miwani ya aina hiyo. Kwenye picha za zamani alionekana kama amekuja kutukagua.

Kuhusu nguo walisema kwa ufupi: shati lije kwenye henga, uvalie hapa. Hapo tu wametuokoa sana. Anayetoka Nkuhungu au Ihumwa kwa bodaboda anafika na vumbi jekundu kwenye kola, na kola ndiyo sehemu ya nguo inayoonekana zaidi kwenye picha ya kichwa na mabega. Mistari myembamba iliyobanana waliikataza kwa sababu inacheza kwenye kamera na kutoa mawimbi ya rangi ambazo hazipo kwenye shati. Vitenge hawakuvikataza, nami niliwapenda kwa hilo. Walisema tu kwamba kama maua ni makubwa, vaa koti juu yake ili jicho la mtazamaji liende usoni. Wanaovaa ushungi waliombwa waje na wa akiba, wenye rangi tofauti na kijivu cha pazia la nyuma, na wakahakikishiwa chumba chenye kioo na msaidizi wa kike wa kuwatengeneza. Ahadi hiyo ilitimizwa. Chumba kilikuwepo, mlango ulifungwa, na hakuna mwanamume aliyeingia.

Pamoja na barua ilikuja fomu fupi ya siri, inayorudishwa moja kwa moja kwa dada wa studio bila kupita kwangu. Iliuliza kama kuna kitu usoni ambacho mtu anapenda kibaki, kama kovu au chale, na kama kuna kitu kinachomfanya asipende kupigwa picha. Mimi sikuziona fomu hizo na sikupaswa kuziona. Lakini mfanyakazi mwenzangu mmoja alinieleza mwenyewe aliyoandika, na ameniruhusu niyaseme.

Yeye amekulia mkoani Singida. Meno yake yana rangi ya kahawia, kama ya watu wengi waliokunywa maji ya visima vyenye floraidi nyingi wakiwa watoto, wakati meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi. Sisi wa kazi hii tunalijua jambo hili kwa undani. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floraidi kwa lita moja ya maji, na katika ukanda wa Bonde la Ufa tunachimba visima vinavyopita kiwango hicho mara nyingi tu. Ndugu yetu huyu anapima maji ili watoto wa leo wasipate meno kama yake. Lakini mbele ya kamera miaka yote alikuwa anafumba mdomo na kukaza taya, na picha zake zote zilitoka kama mtu aliyekasirika. Watu wasiomjua walimdhania mkali.

Dada yule alisoma fomu, akampigia simu kabla ya siku yenyewe. Akamwambia kuna njia tatu, achague: acheke meno yaonekane na yaachwe yalivyo, acheke na meno yapunguzwe rangi kidogo wakati wa kuhariri, au afumbe mdomo lakini afundishwe kutabasamu kwa macho. Uamuzi wake, siyo wa studio wala wa ofisi. Alichagua ya tatu, wakafanya mazoezi kwenye simu ya video. Siku ya picha, baada ya kupigwa kadhaa za mdomo uliofumbwa, alicheka kwa kitu alichosema dereva wetu, na kamera ikapiga. Alipoonyeshwa zote kwenye kompyuta, alichagua hiyo ya kicheko, meno yake ya kahawia yakiwa wazi, na akakataa yaguswe. Ndiyo iliyo kwenye wasifu wa kampuni leo. Nimeifungua mara nyingi.

Siku yenyewe walianza na mafundi, asubuhi kabla upepo haujachafuka. Tulikuwa tunataka mafundi na wataalamu wa miamba wapigwe wakiwa na helmeti na reflekta, na hapa utaalamu ulionekana. Mistari ile ya fedha kwenye reflekta imetengenezwa kurudisha mwanga kule ulikotoka, ndiyo kazi yake barabarani usiku. Ukiipiga flashi ya kwenye kamera inawaka na kumeza kifua chote. Kwa hiyo picha zote za reflekta zilipigwa barazani kwa mwanga wa kawaida, bila taa, ubao mweupe ukishikwa pembeni kuinua kivuli cha helmeti usoni. Zilitoka safi. Wale wa ndani walipigwa kwa taa moja kubwa yenye kitambaa, imeinuliwa juu na kuwekwa upande. Wenye miwani ilipandishwa zaidi, na mikono ya miwani ikanyanyuliwa kidogo juu ya masikio ili vioo viinamie chini na visirudishe mwanga.

Dereva wetu mkubwa, mzee wa makamo aliyezunguka na gari za visima tangu barabara nyingi za huku ni za udongo, alikuwa amejificha nyuma ya gari. Hakuona kwa nini dereva apigwe picha ya wasifu. Dada mwenye studio akamfuata huko huko.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mimi niacheni, wapigeni hao wahandisi."

"Baba, hao wahandisi nani anawafikisha?"

Mzee akanyamaza, akaenda kunawa uso. Alipokaa kwenye kiti, dada hakumwambia "tabasamu". Alimuuliza njia ya kwenda kijiji kimoja cha Bahi wakati wa masika mto ukiwa umejaa. Mzee akaanza kueleza, mkono unaonyesha kona, macho yanaiona njia, na picha zikawa zinapigwa hapo hapo. Alifanya hivyo kwa kila mtu: mhasibu alimuuliza kuhusu wajukuu, mtaalamu wa miamba alimuuliza jiwe gani analipenda. Ukiambiwa utabasamu, unatabasamu kwa mdomo tu. Ukiulizwa kitu unachokijua, uso mzima unafanya kazi.

Nilisimama karibu na kompyuta wakati picha zinaingia moja moja, na nikauliza swali lililokuwa moyoni mwangu tangu mwanzo, la rangi ya ngozi. Alinijibu kwa vitendo. Kamera ikiachiwa ijipimie, hudhani kila kilicho mbele yake kwa wastani ni kijivu. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe, kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso unazama gizani. Fundi asiyejua anakuja kuusukuma juu ule uso kwenye programu baadaye, na hapo ndipo unapopauka na kuwa wa majivu. Yeye alitumia pazia la kijivu cha kati, akapima mwanga kwenye shavu la kila mtu kabla ya kupiga, na hakupima mara moja kwa wote. Mtu mweupe kidogo alipata kipimo chake, binti wetu wa Kigogo akapata chake.

Tatizo hili lina historia ndefu. Enzi za filamu za rangi, kampuni ya Kodak ilikuwa inasambaza kwenye maabara za kusafishia picha kadi za kusawazishia rangi zenye picha ya mwanamke Mzungu, zilizokuja kuitwa kadi za Shirley. Rangi ikikaa vizuri kwake, mashine imekaa sawa. Sisi hatukuwamo kwenye kadi hiyo. Leo vifaa vipo na ujuzi upo, kwa hiyo studio inayoturudishia nyuso nyeupe mwaka huu imechagua yenyewe kufanya hivyo, na mteja ana haki ya kuzikataa picha hizo.

Umbali nao waliuzingatia. Walikaa kama mita mbili kutoka kwa mtu na kutumia lenzi ndefu ya milimita 85. Wale wanaokusogelea na simu hadi puani ndio wanaokukuza pua na kukufutia masikio. Mafundi wetu wawili waliamini miaka yote kwamba sura zao "hazipendi picha", na kumbe walikuwa wanapigwa kwa karibu mno.

Kwenye kuhariri waliondoa chunusi za muda, nyuzi kwenye mabega na alama ya helmeti kwenye paji la uso. Makovu, chale na mvi viliachwa, ila kwa aliyeomba. Hakuna aliyefanywa mweupe. Binti wa Kigogo alipofunguliwa picha yake alikaa kimya, kisha akaomba atumiwe mama yake. Kitambulisho chake kipya hakigeuzwi.

Jambo jingine lililonipa imani ni ruhusa. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na picha ya uso inayomtambulisha mtu ni taarifa yake binafsi. Studio nyingi hupiga picha za wafanyakazi wa watu na kesho yake unaziona kwenye kurasa zao za kutangaza biashara. Hawa walikuwa na karatasi yenye visanduku: kitambulisho, wasifu wa kampuni, tovuti, na matangazo ya studio. Kila mtu aliweka tiki mwenyewe. Wengi hawakukiruhusu kisanduku cha mwisho na hakuna aliyebembelezwa. Nashauri ofisi yoyote iwe na karatasi ya namna hii hata kama studio haina, na isemwe pia picha itafanywaje mtu akiacha kazi.

Sasa kasoro, maana zipo. Picha za kuchagulia walitutumia kwa WhatsApp, ambayo huzibana, na wengine wakadhani picha zao zina ukungu. Ikabidi niombe kiungo cha kupakulia zile zenyewe. Zilizokamilika zilichelewa kupita siku tuliyoahidiwa, na kama zabuni yetu ingekuwa inafungwa wiki ile tungeaibika. Waliomba radhi bila visingizio, lakini wewe andikisha tarehe kwenye makubaliano. Mkataba wao pia haukusema watayatunza kwa muda gani mafaili ya awali. Tulipouliza wakaongeza kifungu, na kingekuwepo tangu mwanzo. Studio yao yenyewe iko ghorofani kwa ngazi tupu. Mwenzetu anayetembelea magongo asingefika, na bahati yetu ni kwamba wao ndio waliotufuata ofisini.

Bei: walitutoza shilingi 30,000 kwa mtu, ikiwemo ziara ya kwanza, barua, siku ya picha na picha mbili zilizohaririwa kwa kila mmoja, moja ikiwa imekatwa kwa kitambulisho. Risiti ya EFD nilipewa bila kuidai. Ni zaidi ya wengi wanavyotoza mjini, na bosi wangu alikunja uso alipoona ankara ya awali. Alipoona picha aliniambia nimwite dada huyo tena wakati wa mkutano wa wadau. Kama unachotaka ni pasipoti tu ya kuambatisha kwenye fomu, usiende kwao. Vibanda vya picha mjini vitakumalizia haraka kwa fedha kidogo. Huduma hii inafaa pale ambapo watu watatazamwa kwa picha hizo kwa miaka.

Ukitaka kuwaita, epuka kipindi cha Bunge la bajeti, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Mji unajaa na wapiga picha wote wazuri wanakuwa wameshashikwa. Sisi tutawahitaji tena tukiajiri, kwa hiyo nimewaomba waandike kwenye faili letu rangi ya pazia, urefu wa taa na umbali wa kiti, ili mfanyakazi mpya atakayepigwa peke yake afanane na wenzake waliotangulia. Wameniandikia karatasi hiyo, nimeiweka pamoja na fomu za ajira.